Vuli ya Minnesota na simu ya saa tatu usiku

Ukiwa na binti, dada au shangazi anayeishi Marekani, huenda umeona jambo hili: ikifika Oktoba simu zake huwa fupi, na zile pesa kidogo alizokuwa akikutumia bila kuombwa zinaanza kuadimika. Nyumbani watu husema amebadilika. Ati siku hizi yeye ni Mmarekani. Malalamiko haya tumeyasikia mara nyingi kutoka kwa wateja wetu, kwa hiyo safari hii tumeamua kutazama upande wa pili wa simu. Miezi hiyo inakuwaje kwa mama mwenye watoto wawili, kazi ya usiku, na mama mzazi aliyeachwa Nyamira?

Tumezungumza na mmoja wao. Amekubali tusimulie habari zake lakini ameomba tusitaje jina, na ukisoma hadi mwisho utaelewa ni kwa nini. Anaishi kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, katika lile eneo la Marekani liitwalo Midwest. Wakenya wako wengi huko, hasa watu wa Kisii na Nyamira, kiasi kwamba unaweza kumaliza Jumamosi nzima ukiongea Kigusii na usikose unga wa ugali wala mboga za kienyeji.

Neno lenyewe, vuli, lina sura mbili. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kule ni majira ya majani kupukutika. Mwisho wa Septemba miti ya maple huanza kugeuka kutoka kijani hadi manjano, machungwa na nyekundu kali, na katikati ya Oktoba uwanja mzima wa nyumba umefunikwa. Ni maridadi, hata picha haitoshi. Lakini majani hayo lazima mtu ayakusanye. Mama huyu na watoto wake hutoka Jumamosi na reki, wanayarundika, kitinda mimba wake wa miaka saba anajirusha ndani ya rundo mara tatu nne hivi, kisha wanaanza upya. Halafu wanayajaza kwenye mifuko mirefu ya karatasi, kwa sababu upande ule mifuko ya plastiki ya kawaida haikubaliwi kwa takataka za bustani.

"Nyumbani ningewaambia ng'ombe watayala," alituambia akicheka.

Yeye hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anaingia saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi. Mumewe yuko kwenye ghala la mizigo na huondoka mapema, kwa hiyo hupokezana mlangoni kama walinzi: mmoja anavua koti, mwingine anavaa. Mama anahakikisha mtoto mdogo amepanda basi la shule, anaosha vyombo, ndipo analala. Anaamka saa nane mchana. Saa tisa na nusu watoto wanaanza kurudi. Sasa hapo kati, mwambie apokee simu tatu za nyumbani, kila moja ikitaka maelezo marefu!

Shule za Minnesota kwa kawaida hufunguliwa baada ya Labor Day, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na hapo ndipo gharama zinapoanza. Si karo, maana shule za umma hazilipishi. Hata chakula cha asubuhi na cha mchana ni bure kwa kila mwanafunzi, tangu jimbo lilipopitisha sheria hiyo mwaka 2023. Gharama ziko kwenye baridi. Watoto wamekua tangu mwaka jana, kwa hiyo koti la mwaka jana mikono inaishia karibu na kiwiko. Buti za theluji. Suruali ya theluji. Glavu jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu moja itapotea basini kabla ya Novemba kuisha. Ahueni moja ni kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo, na mama huyu analijua hilo vizuri kuliko wanasheria wengi.

Halafu kuna joto la nyumba. Oktoba ndipo mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto inawashwa, na bili huanza kupanda hadi Februari. Sisi tumezoea token za stima. Zikiisha zimeisha, unawasha mshumaa. Kule kukosa joto Januari ni hatari kwa maisha. Ndiyo maana jimbo lina kanuni ya msimu wa baridi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30: ukiwasiliana na kampuni ya gesi au umeme, mkakubaliana mpango wa malipo na ukaufuata, hawakukatii. Mama huyu ameenda mbele kidogo. Amechagua mpango wa kugawa bili ya mwaka mzima katika miezi 12 iliyo sawa, ili Januari isimshtue. Kiasi ni kile kile Julai na kile kile Januari. Tukiwa kampuni ya malipo, tunakiri tulimpenda zaidi baada ya kusikia hivyo.

Oktoba haiishii hapo. Wiki ya tatu shule hufungwa Alhamisi na Ijumaa, na mzazi wa kazi ya usiku anajikuta na watoto nyumbani mchana kutwa. Oktoba 31 ni Halloween, watoto wanavaa mavazi ya ajabu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Wenyeji wa huko bado wanasimulia dhoruba ya Halloween ya 1991, ilipoanguka theluji ya zaidi ya sentimita 70 mjini kwa siku chache. Kwa hiyo mavazi ya Halloween hununuliwa makubwa, ili koti litoshe ndani yake. Mwaka jana binti yake alikuwa pundamilia mnene.

Tulipomuuliza ni nini kinachomfurahisha zaidi katika msimu huu wote, hakutaja majani wala maboga. Alitaja tromboni.

Kifungua mimba wake ana miaka kumi na mitano na yuko kwenye bendi ya shule. Ijumaa usiku, timu ya shule inapocheza futiboli ya Kimarekani, bendi huingia uwanjani wakati wa mapumziko na kupiga huku ikitembea kwa mistari. Tromboni yenyewe ni ya kukodisha, analipiwa kila mwezi. Mama huomba ruhusa kazini wiki kadhaa mapema, anakaa kwenye viti vya chuma vyenye baridi akiwa amejifunga leso juu ya koti, na kijana anapopita mbele anapiga kelele hadi wazazi wengine wanageuka. Kijana anaona aibu. Mama hajali. "Mimi nilisoma shule ambayo ngoma ilikuwa jerikani," alisema. "Mtoto wangu amevaa yunifomu yenye vifungo vya dhahabu. Ningenyamaza vipi?"

Hakunyamaza. Alipiga picha akaziweka kwenye Facebook: kijana uwanjani, taa nyuma yake, jina lake, jina la shule, na maneno ya kumshukuru Mungu. Watu zaidi ya mia mbili waliipenda. Mashangazi wakatoa maoni, mmoja akaandika salamu kwa nyanya yake huko Nyamira na kumtaja kwa jina.

Sasa turudi kwenye pesa, kisha tutaona picha hizo zilifika wapi.

Kila mwezi, wiki ya kwanza, mama huyu hutuma dola 200 kwa mama yake. Ni mmoja kati ya wengi. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ng'ambo walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na takriban nusu ilitoka Marekani. Dola hizo 200 zina kazi yake: dawa za presha za nyanya, mshahara wa kijana wa ng'ombe, na karo ya binti wa kaka yake aliye sekondari. Nyanya hupokea kwenye simu, halafu karo anailipa mwenyewe kwa nambari ya Paybill ya shule, akiandika nambari ya usajili ya mwanafunzi. Ujumbe wa uthibitisho anaupiga picha na kumtumia binti yake kwa WhatsApp. Hawa wawili hawaulizani mara mbili pesa zilienda wapi.

Kabla ya kutuma, mama hulinganisha. Wengi huangalia ada pekee. Wakiona "ada sifuri" wanabonyeza. Yeye huangalia nyanya atapokea shilingi ngapi mkononi. Tuseme kampuni moja inampa shilingi 129 kwa dola na nyingine shilingi 126. Kwa dola 200 ya kwanza inaleta shilingi 25,800, ya pili 25,200. Ile "ada sifuri" imekula shilingi 600, nauli ya Kisii mjini kwenda na kurudi na bado inabaki ya sukari. Sheria ya Marekani inaitaka kampuni imwonyeshe mtumaji ada, kiwango cha kubadilisha fedha na kiasi kitakachopokelewa kabla hajalipa, kwa hiyo ukurasa huo upo. Ni kuusoma tu. Sheria hiyo hiyo inampa dakika 30 baada ya kulipa kubatilisha muamala na kurudishiwa pesa zote, mradi hazijachukuliwa au kuingia kwenye akaunti ya mpokeaji. Na hapa pesa za simu zina ukali wake: huingia kwa sekunde. Hakikisha nambari na jina kabla ya kubonyeza, maana baadaye dakika 30 hazitakusaidia sana.

Jambo jingine ambalo wateja wanatuuliza ni kodi mpya. Tangu Januari 1, 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje pale mtumaji anapolipa kwa noti, money order au hundi ya benki. Akilipa kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani, kodi hiyo haimhusu. Kwa dola 200 ni dola mbili. Si nyingi, lakini za nini kama zinaepukika?

Haya. Kila Jumapili saa saba mchana ya Minnesota, baada ya kanisa, mama humpigia mama yake. Nyamira inakuwa saa tatu usiku. Nyanya ameshakula, ameshafunga kuku, redio imezimwa, simu iko mapajani. Imekuwa hivyo kwa miaka.

Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa za Marekani hurudishwa nyuma kwa saa moja. Sisi huku hatubadilishi chochote, jua letu linachomoza pale pale. Siku hiyo tofauti ya saa kati ya Minnesota na Kenya inatoka nane na kuwa tisa, na saa saba mchana ya kule inakuwa saa nne usiku ya huku. Mama alijua saa zimebadilika. Alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo baada ya zamu iliyorefushwa kwa saa nzima. Nyanya ndiye hakuambiwa.

Saa tatu usiku, kimya. Saa tatu na dakika ishirini simu ikalia. Nambari ilikuwa ya humu nchini, sauti ya mwanamume, yenye heshima sana. Alimwita nyanya kwa jina. Alimwambia anapiga kwa niaba ya hospitali ya Marekani, na mjukuu wake, akamtaja kwa jina na shule yake, ameumia vibaya uwanjani. Mama yake yuko naye kwenye ambulensi hawezi kuongea. Inatakiwa shilingi 38,000 haraka ili daktari aanze, na kuna wakala wao Nairobi anayepokea kwa simu.

Kwenye simu ya nyanya zilikuwepo zaidi kidogo ya 25,000, zilizoingia Ijumaa. Karo na dawa.

"Tuma ulizo nazo kwanza, mama," yule mtu akasema. "Zingine utafuta baadaye."

Nyanya alituambia miguu ilikufa ganzi. Binti hajapiga, kwa mara ya kwanza. Mjukuu ametajwa kwa jina. Kila kitu kilikubaliana. Lakini ni mwalimu mstaafu, na mwalimu huuliza swali.

"Mwanangu, pole kwa kazi. Huyo mjukuu wangu alikuwa anacheza nini huko uwanjani?"

"Mpira, mama. Ni mshambuliaji. Ameumia goti."

"Mjukuu wangu hachezi mpira," nyanya akasema. "Yeye hupuliza ile tarumbeta ndefu." Akakata simu.

Ni rahisi kuishangilia hadithi hapo, lakini dakika arobaini zilizofuata hazikuwa za kushangilia. Alimpigia binti yake mara tano, hakupokea. Simu ilikuwa imezimwa sauti kanisani. Yule mtu akapiga tena mara tatu kwa nambari mbili tofauti. Mara ya mwisho hakuwa na heshima. Alisema kijana akifa damu yake itakuwa juu ya nyanya. Na nyanya alikaa gizani akijiuliza kama labda tarumbeta na mpira vinaweza kuwa siku moja, na kama shilingi 25,000 ni nini mbele ya mtoto. Mara mbili alifungua menyu ya kutuma pesa, akaifunga.

Saa nne usiku simu ikalia, na ilikuwa sauti ya binti yake, nyuma yake mtoto akidai chapati.

Hatujui kwa hakika mhuni yule alipata wapi majina. Familia yenyewe inaamini ni kwenye ile picha, kwa kuwa kila alichokisema kilikuwa pale, na alichokosea, mpira, ndicho ambacho mtu angekisia akiona kijana chini ya taa za uwanja. Saa aliyopiga ilikuwa bahati yake tu. Mama alifanya picha zionekane na marafiki pekee, na jina la shule akalifuta. Lakini hakuacha kuzipiga, na sisi hatuwezi kumwambia mzazi aache kujivunia mwanawe. Sasa zinaenda moja kwa moja kwa nyanya kwa WhatsApp, ambaye anazionyesha kanisani kwa mkono wake mwenyewe.

Wamekubaliana pia swali. Yeyote anayepiga kuhusu dharura, awe daktari, polisi au malaika, ataulizwa jambo moja ambalo watu wanne tu duniani wanalijua. Hatukuambiwa ni lipi, wala hatukutaka kujua. Na pesa za dharura, zikihitajika kweli, zitatoka Minnesota kuja Nyamira. Hakuna hospitali ya Marekani inayomdai mama mzee wa Nyamira kupitia simu ya wakala. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata, kisha piga wewe mwenyewe kwa nambari uliyoihifadhi. Asipopokea, subiri. Anayekuharakisha usiongee na mtu mwingine ndiye wa kuogopwa. Sisi hatutakupigia kamwe kuuliza PIN yako, na ukipata simu kama ile ya nyanya, tupe ile nambari ili tuifuatilie hata kama hukutuma kitu. Nyanya aliripoti Jumatatu asubuhi, nambari zote mbili zikiwa zimeandikwa nyuma ya bahasha.

Novemba iliendelea. Theluji ya kwanza ikaanguka, kitinda mimba akapoteza glavu ya kushoto, kama ilivyotarajiwa. Alhamisi ya nne ilikuwa Thanksgiving, na mezani bata mzinga alikaa pembeni ya ugali na managu. Huku Nyamira nyanya ana kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ukutani. Kwa sasa simu inapigwa saa sita mchana ya kule, mara tu ibada inapokwisha na kabla ya watu kuondoka kanisani, ili huku ibaki saa tatu usiku. Jumapili ya pili ya Machi saa za Marekani zitasogezwa mbele tena na simu itarudi saa saba mchana. Tarehe hiyo ameizungushia kalamu nyekundu, na pembeni ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Saa ya Minnesota."